Duara la Moja Lilivyofika Isiolo

Karibu na tarehe 21 Machi ya kila mwaka, na tena karibu na tarehe 22 Septemba, mji wa Isiolo hupotelewa na vivuli vyake. Mtu akisimika fimbo ya mita moja uwanjani, wima kabisa, mahali pasipofikwa na kivuli cha mti wala paa, saa sita na dakika 37 za mchana wa Machi atakiona kivuli cha fimbo kimenywea mpaka kikabaki milimita chache tu. Jua liko utosini. Isiolo iko dakika 21 tu za digrii kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo siku hizo jua huchomoza mashariki hasa, hupanda bila kuegemea kusini wala kaskazini, hupita juu ya kichwa na kushukia magharibi hasa. Linachora nusu duara.

Nusu ya pili hulichora usiku, chini ya ardhi, mahali ambapo hakuna anayeliona.

Duara hilohilo, kwa jina la duara la kizio, ndilo analokutana nalo mwanafunzi wa kidato cha tatu afikapo mada ya pili ya trigonometria. Lina kitovu, lina nusu kipenyo cha urefu wa 1, na ukingoni mwake kuna nukta inayotembea kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Umbali wa nukta hiyo kando ya kitovu huitwa kosini. Kimo chake juu ya mstari wa ulalo huitwa sini. Mambo ni hayo tu, na bado kurasa hizo ni miongoni mwa zile ambazo wanafunzi wengi huzikariri bila kuzielewa, wakaamini kwamba duara la kizio ni mali ya watu wengine, limeletwa na Mwingereza pamoja na chaki, wala halihusiani na mji wa mbuzi, ngamia na malori ya kwenda Moyale. Safari ya duara hilo ni ndefu kuliko hivyo, na sehemu kubwa yake ilipita katika lugha na ibada ambazo watu wa Isiolo wamezijua siku zote.

Chanzo chake ni upinde. Katika karne ya 2 kabla ya Kristo, Mgiriki Hipparchus alitaka kujua nyota zilipo angani, akaanza kupima mstari unaounganisha ncha mbili za tao la duara, kama uzi unavyounganisha ncha mbili za upinde wa mshale. Miaka 300 hivi baadaye Ptolemy wa Aleksandria aliandika jedwali zima la nyuzi hizo, akipanda kwa nusu digrii, katika duara ambalo nusu kipenyo chake kilikuwa 60. Ilikuwa kazi kubwa, lakini nzito kuitumia, maana mara nyingi mhesabuji alilazimika kuzidisha pembe mara mbili, kuutafuta uzi mzima, kisha kuugawa tena nusu.

Wahindi ndio walioukata uzi kati. Mwaka 499 Aryabhata, kijana wa miaka 23, alitunga jedwali la nusu uzi, yaani kimo cha ncha moja ya upinde kutoka mstari wa katikati. Uzi wa upinde kwa Kisanskriti ni jya, au jiva. Nusu kipenyo cha duara lake kilikuwa 3438, na namba hiyo ina sababu yake: duara zima lina dakika 21,600 za digrii, na dakika hizo zikihesabiwa kuwa ndio urefu wa ukingo, nusu kipenyo hutoka karibu 3438. Katika jedwali lake pembe ya digrii 30 ina kimo cha 1719, nusu kamili ya 3438. Ile nusu ambayo mwanafunzi wa leo huikariri ilikuwa tayari imeshaandikwa.

Kutoka India neno lilisafiri hadi Baghdad katika enzi ya Waabbasi. Waarabu hawakulitafsiri. Waliliandika kwa sauti yake, jiba, na kwa kuwa Kiarabu huandikwa bila irabu fupi, zikabaki jim, ya na ba peke yake. Vizazi vilivyofuata havikulijua neno jiba. Viliposoma herufi hizo viliona jaib, neno la Kiarabu lenye maana ya mkunjo wa vazi kifuani, mahali ambapo watu walitia vitu vyao. Mfuko. Watafsiri wa karne ya 12 waliogeuza vitabu hivyo kuwa Kilatini waliuchukua mkunjo huo wa vazi jinsi ulivyo, wakaandika sinus. Ulaya ikalipokea, Kiingereza kikalifupisha, na meli za wakoloni zikalirudisha upande huu wa bahari likiwa sini.

Mtaani Bulla Pesa, mtoto wa Kisomali akiambiwa atie shilingi mfukoni, huambiwa aitie jeeb. Ni neno lilelile la Kiarabu, limeshuka kwa njia fupi zaidi, halikupitia Kilatini wala Kiingereza. Wapo basi watoto wanaoingia darasani Isiolo na jina la sini midomoni tangu walipojifunza kusema, wakafundishwa kwamba ni neno geni. Mwalimu angelisema hilo mara moja tu, dakika mbili kabla ya kuchora, darasa lingekaa vingine.

Bado duara lilikuwa halijawa la moja. Ptolemy alitumia 60, Aryabhata 3438, na kila mnajimu alikuwa na namba yake. Aliyependekeza kwamba nusu kipenyo kiwe 1 ni Abu al-Wafa al-Buzjani, mzaliwa wa Buzjan huko Khorasan mwaka 940, aliyefanya kazi yake Baghdad na kufariki mwaka 998. Alikuwa mtu wa usahihi wa ajabu: jedwali lake la sini lilipanda kwa robo digrii na kushika hadi nafasi ya nane ya desimali. Pendekezo la moja linaonekana dogo, lakini ndilo lililoondoa ukubwa katika hesabu. Duara likiwa la sahani ya chai au la mzunguko wa dunia nzima, pembe ya digrii 30 hutoa 0.5. Hakuna tena haja ya kuuliza duara lako lina ukubwa gani kabla ya kujibu. Hata hivyo wengi waliendelea na 60 na namba nyingine kwa mamia ya miaka, mpaka mwaka 1748 Leonhard Euler alipochapisha kitabu chake kikubwa cha Kilatini, Introductio in analysin infinitorum, na moja ikawa desturi.

Tanjenti ina hadithi nyingine, nayo ni ya kivuli. Katika Kiarabu iliitwa zill, kivuli kwa maana ya kawaida kabisa, kama cha fimbo uwanjani. Habash al-Hasib wa Baghdad aliandika jedwali la vivuli katika karne ya 9, na al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, aliandika kitabu kizima juu ya vivuli na matumizi yake. Wataalamu hao hawakuhangaika kwa kujifurahisha tu. Nyakati za sala zilihitaji kipimo, na kipimo cha alasiri ni kivuli.

Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Isiolo kama wa pwani, alasiri huingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wa kitu chenyewe, juu ya kile kivuli kilichokuwepo adhuhuri. Katika nchi za kaskazini nyongeza hiyo ya adhuhuri ni shughuli, kwa sababu hubadilika kila siku na wakati wa baridi huwa ndefu. Mjini Isiolo mnamo Machi 21 nyongeza hiyo karibu haipo. Fimbo ni mita moja, kivuli ni mita moja, jua liko digrii 45, sini na kosini zimelingana, tanjenti ni 1. Saa tatu kamili zimepita tangu jua lilipokuwa utosini, na saa ya ukutani inasema saa tisa na dakika 37. Mzee anayekitazama kivuli chake ukutani kisha akaenda kutawadha amesoma tanjenti ya digrii 45, na ameisoma sawasawa.

Wanachuoni wa Kiislamu walikuwa pia na chombo cha mkononi cha kazi hii: ubao wenye umbo la robo duara, umechorwa mistari ya kukatana kama karatasi ya grafu, na kitovuni umefungwa uzi wenye kijiwe. Uliinuliwa kulielekea jua, uzi ukaning'inia, na mahali uzi ulipoukata mchoro palisomwa sini ya kimo cha jua. Waliuita rubu, na Waswahili tuna neno hilo kila siku sokoni: robo. Hata mwalimu akigawa duara la kizio ubaoni na kusema robo ya kwanza, robo ya pili, anatamka jina la chombo hicho. Kwa hesabu za namna hiyohiyo ulitafutwa pia mwelekeo wa kibla kwa kila mji. Kwa Isiolo jibu ni digrii 6 hivi mashariki mwa kaskazini, kwa kuwa Makka iko karibu kaskazini tupu, imepotoka kidogo tu upande wa bahari.

Wenyeji wengine wa Isiolo walikuwa na duara lao, na hawakulichukua kwa mtu. Waborana wana kalenda ya mwezi na nyota inayotunzwa na wataalamu wanaoitwa ayyantu. Mwaka una miezi 12 ya mwandamo, siku 354, na kila siku ina jina lake kati ya majina 27. Mwezi wa mwandamo una siku 29 au 30, kwa hiyo majina huzunguka na kurudia kabla mwezi haujaisha, na jina lililoanza mwezi huu silo litakaloanza mwezi ujao. Kalenda hurekebishwa kwa kuutazama mwezi unavyokutana na makundi saba ya nyota yanayofuatana: Lami kwanza, kisha Busan, ambayo Waswahili huiita Kilimia, kisha Bakkalcha na wenzake, mpaka Basa, nyota ing'aayo kuliko zote usiku. Asmarom Legesse aliieleza kwa kirefu katika kitabu chake Gada cha mwaka 1973, akawaonyesha wasomaji wa mbali kwamba haya yote hushikwa kichwani, pasipo daftari.

Kinachopendeza ni namba 27. Mwezi huizunguka anga, kutoka nyota fulani hadi kurudi kwenye nyota ileile, kwa siku 27 na theluthi hivi, yaani digrii 13 na kidogo kila usiku. Wababeli walilikata duara vipande 360 na sisi tukalirithi hilo kwao. Kalenda ya Waborana imelikata kwa hatua za mwezi. Na Lami, ile ya kwanza kutajwa, ndilo kundi ambalo wanaastronomia wa Ulaya huliita Triangulum. Pembetatu.

Mji wenyewe ni mchanga. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Kisomali wa ukoo wa Isaaq waliotumikia jeshi la Waingereza walipewa nafasi ya kukaa hapo, na mwishoni mwa miaka ya 1920 Isiolo ikawa makao ya utawala wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Palikuwa na karantini ya mifugo, kambi ya askari, maduka, msikiti na duksi. Kaskazini mwa hapo nchi ilifungwa: sheria ya maeneo maalum ya mwaka 1934 ilibana zaidi mienendo ya watu, na shule zilikuwa chache mno zikilinganishwa na za nyanda za juu. Trigonometria ya kitabuni iliijua nchi hiyo kabla watoto wake hawajaijua. Mwaka 1902 na 1903 Kapteni Philip Maud alipita mpakani mwa Uhabeshi katika msafara wa Archibald Butter, akipima vilima kwa pembe na kuchora mstari ambao wanahistoria bado wanauita kwa jina lake. Baadaye ramani zote za Kenya zilikuja kuegemea mfumo wa upimaji uitwao Arc 1960, mtandao wa pembetatu zilizounganishwa kilele kwa kilele. Vijana wa Kiborana, Kisamburu na Kiturkana waliwaona watu wakisimama juu ya vilima na vyombo vya miguu mitatu.

Kuna jambo moja la miaka hiyo ambalo halitajwi. Katika miaka ya 1930 saa rasmi ya Kenya iliwahi kuwa saa mbili na nusu mbele ya Greenwich. Saa mbili na nusu ni digrii 37 na nusu za longitudo, na Isiolo iko digrii 37 na dakika 35. Kwa muda basi saa ya koloni zima ililingana, kwa wastani, na jua la Isiolo kwa tofauti ya sekunde 20. Leo Kenya hutumia saa tatu kamili, ambazo ni za mstari wa digrii 45, unaopita karibu na Mogadishu. Ndiyo maana jua la Isiolo hufika utosini kama nusu saa baada ya saa sita: dakika 37 mwezi wa Machi, dakika 22 mwezi wa Septemba.

Uhuru ulipofika, vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, kati ya serikali na waliotaka kaskazini ijitenge, vilizima mengi. Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya wa Isiolo, aliuawa mwaka 1963. Mifugo ilikwisha, familia zikakusanywa katika kambi, na Waborana wa Waso, yaani wa nchi ya mto Ewaso Ng'iro, hukiita kipindi hicho Gaf Daba, wakati wa kusimama kwa kila kitu. Mtoto aliyekuwa na umri wa kuanza shule mwaka ule alichelewa miaka, au hakuanza kabisa.

Waliosoma walikuta hisabati yenyewe ikiyumba. Mwaka 1962 wataalamu wa Kimarekani na Waafrika walikutana Entebbe, Uganda, kuandika vitabu vya hisabati ya mtindo mpya, na baadaye Afrika Mashariki ikapata vitabu vyake vilivyofuata mkondo wa Kiingereza wa aina hiyohiyo. Seti, vekta na mageuzo vikachukua nafasi ya hesabu za kale. Kenya iliuacha mtindo huo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4, mwaka 1989 ukafanywa mtihani wa kwanza wa KCSE, na trigonometria ikapangwa kwa ngazi: pembetatu ya mraba katika kidato cha pili, duara la kizio katika cha tatu, mawimbi katika cha nne.

Mpangilio huo una mantiki yake, na una gharama. Mwanafunzi hukaa mwaka mzima akiamini kwamba sini ni upande mmoja kugawanywa kwa mwingine ndani ya pembetatu, analishika neno la kukariri SOHCAHTOA, na linamtosha. Kisha anaambiwa atafute sini ya digrii 210. Pembetatu gani ya mraba ina pembe ya digrii 210? Hakuna. Anahisi amedanganywa, na ana haki ya kuhisi hivyo.

Zamani duara lilikuwa na ulinzi, nao ulikuwa jedwali. Kitabu cha majedwali ya tarakimu nne cha Godfrey na Siddons, kilichotoka Cambridge mwaka 1913, kilienea katika shule za makoloni, na majedwali ya baraza la mitihani yalikuja kushika nafasi hiyo. Safu za sini huanzia 0 na kuishia 90. Hazina 210. Kwa hiyo mwanafunzi hakuwa na njia ila kurudi kwenye duara, aone nukta iko robo ya tatu, apunguze digrii 180, abaki na 30, asome 0.5000, kisha aweke alama ya kutoa. Jedwali lilikuwa robo duara iliyoandikwa kwa namba, na duara ndilo lililokuwa ufunguo wa robo tatu zilizobaki. Kikokotoo kiliporuhusiwa katika mtihani, ufunguo ukawa pambo. Kijana hubonyeza 210, hupata −0.5, akaendelea na swali. Jibu ni sahihi, ila haliunganiki na chochote alichowahi kukiona kwa macho.

Walimu walilijua tatizo. Mradi wa SMASSE, ulioanza mwaka 1998 kwa msaada wa Japani, uliwafundisha walimu wa hisabati na sayansi kutoka chaki kwenda mikono, wanafunzi wapime, wakate, wachore kabla ya kuambiwa kanuni. Duara la kizio ni somo lililoumbiwa njia hiyo. Kazi yake ni karatasi ya grafu, bikari na kipimapembe. Bikari hufunguliwa sentimita 10, na hizo 10 huhesabiwa kuwa 1. Mwanafunzi hupima digrii 30 kutoka mstari wa kulia, huchora mkono mpaka ukingoni, hushusha mstari wima, kisha huhesabu miraba midogo: kimo sentimita 5.0, umbali wa kando 8.7. Jedwali linasema 0.5000 na 0.8660. Tofauti ni unene wa penseli. Aliyezihesabu mwenyewe hatazisahau upesi.

Panapokwama ni robo ya tatu. Mkono umefika 210, nukta imeshuka kushoto chini, na mwalimu anasema kimo ni −0.5. Urefu wa kutoa ni kitu gani? Hapo ndipo wengi wanapofunga daftari, na hapo ndipo Isiolo ina jibu ambalo London haina.

Saa ya Kiswahili huanza kuhesabu pale pale duara la kizio linapoanzia, jua likiwa kwenye upeo wa macho mashariki. Jua hupanda digrii 15 kila saa, kwa hiyo saa ya mchana mara 15 ndiyo pembe. Siku ya Machi 21, ukisahihisha zile dakika 37, saa moja ni digrii 15 na kimo cha jua katika duara la moja ni 0.26, saa mbili ni digrii 30, kimo 0.5, saa tatu 0.71, saa nne 0.87, saa tano 0.97, saa sita 1. Kila mchungaji wa Waso anajua kwamba asubuhi jua hupanda haraka na karibu na adhuhuri linaonekana limekaa palepale. Namba zinasema hivyohivyo, maana saa ya kwanza ya asubuhi imepandisha kimo kwa 0.26 na saa ya sita kwa 0.03 tu. Paneli ya sola iliyolazwa bapa kisimani hupata saa mbili nusu ya mwanga itakaoupata saa sita, ukiacha kile kinachopunguzwa na hewa. Na vivuli vya fimbo ya mita moja vinashuka hivi: mita 3.73 saa moja, 1.73 saa mbili, 1 saa tatu, 0.58 saa nne, 0.27 saa tano, hakuna kitu saa sita.

Saa kumi na mbili jioni ni digrii 180. Saa mbili usiku ni digrii 210. Jua liko wapi? Chini ya ardhi, kina chake sawa na kimo lilichokuwa nacho saa mbili asubuhi. Ndiyo maana ya −0.5. Alama ya kutoa inasema usiku, na mtoto anayesema saa mbili asubuhi na saa mbili usiku tangu utotoni hahitaji kuthibitishiwa kwamba hizo mbili ni jozi, moja juu, moja chini.

Katika kidato cha nne duara hurudi likiwa kubwa kuliko yote, kwa jina la longitudo na latitudo. Duara la latitudo lina nusu kipenyo cha dunia mara kosini ya latitudo hiyo. Kwa Isiolo kosini ni 0.99998, na kwa nusu kipenyo cha kilomita 6370 kinachotumiwa shuleni, nusu kipenyo cha duara la Isiolo ni kifupi kwa mita 120 hivi tu kuliko cha ikweta. Aliyekaa Isiolo huzungushwa na dunia kwa kilomita 1,670 kwa saa. Wa London kwa 1,040 hivi. Waitalia walikuja pwani ya Malindi kwa kosini hiyohiyo: kwenye jukwaa la San Marco, digrii 3 kusini mwa ikweta, roketi huondoka na msukumo wa dunia karibu wote. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya kuchunguza eksirei za angani, ikapewa jina Uhuru.

Kusini mwa mji, asubuhi isiyo na mawingu, kuna swali la kidato cha pili lililosimama wazi. Mlima Kenya una mita 5,199, Isiolo ina 1,100 hivi, na kutoka mjini hadi kilele cha Batian ni kilomita 64 kwa mstari ulionyooka. Anayeutazama mlima huo mkubwa anauinulia macho kwa pembe isiyofika digrii 4. Wanafunzi wakiulizwa wakisie, hutaja 20, hutaja 30.

Mtaala wa Umilisi ulioanza kote nchini mwaka 2019 umeusogeza mfumo wa 8-4-4 kando, na vitabu vinaandikwa upya. Duara limo, kama lilivyokuwamo katika kila mtaala tangu Godfrey na Siddons.

Na Machi ikifika, fimbo uwanjani hutoa kivuli chake cha mita moja magharibi asubuhi, hukimeza adhuhuri, hukitoa tena mashariki alasiri. Saa kumi na mbili na dakika 37 za jioni jua linagusa upeo wa macho na adhana ya magharibi inasikika. Linaendelea na mwendo wake, digrii 15 kwa saa, mpaka saa sita na dakika 37 za usiku, digrii 270, sini −1. Wakati huo liko chini ya nyayo za Isiolo hasa, upande wa pili wa dunia, juu ya Bahari ya Pasifiki, na kama kuna meli inayopita hapo, mlingoti wake hauna kivuli.